Siku Mwamba wa Isyukilo Uliponyamaza

Kipimo cha kwanza Subilaga hakukiamini. Alizima mashine, akafuta kioo chake kwa kitambaa, akaiwasha upya. Cha pili kikatoa jibu lile lile. Kufikia cha tatu alikuwa anapima akiwa wima, maana kiti kilikuwa kimemshinda kukalia.

Mia mbili na kumi na mbili.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Rungwe imeziba vioo vya chumba cha vipimo kwa ukungu, na huko nje basi la kwanza la umeme lilikuwa tayari linapanda kilima na wageni wake. Subilaga alilisikia likikata kona ya mwisho. Katika nusu saa watu hao wangeshuka, wangevishwa makoti, wangeingia kwenye ukumbi wa mwamba na kungoja. Na yeye ndiye angebonyeza kitufe.

Zamani, kabla ya ukoo wowote unaokumbukwa, mlima wa Isyukilo ulitapika majivu. Yaliangukia tope la mvua, na kabla hayajakauka walipita juu yake watu waliokuwa wakikimbia. Nyayo zao zimebaki hadi leo. Lakini nyayo peke yake zisingemtoa mtu ng'ambo ya bahari. Kilichowatoa ni chembe za chuma zilizokuwamo ndani ya majivu, ndogo kuliko vumbi la unga. Majivu yakiwa mabichi, chembe zile zilijipanga kufuata mtikisiko wa kila sauti iliyopita juu yake. Yalipokauka, sauti zikabaki humo. Mashine iitwayo Msikizi ilimulika jiwe kwa mwanga mwembamba, chembe zikalegea, na katika kulegea zikatetemeka vile vile zilivyotetemeshwa siku ile. Mtu aliyesimama ukumbini alisikia miguu mingi ikikimbia, mbwa akibweka, mtu akikohoa kwa majivu, kisha mwanamke akiita: "Lewa! Lewa!" Hakuna aliyejua lile lilikuwa jina au amri. Mwanamke aliita mara tatu, na mara ya tatu sauti ndogo ikamwitikia. Dakika nne kasoro. Watu wazima walitoka pale wakijifuta macho.

Tatizo lilikuwa kule kulegea. Mtikisiko wa siku ile ulizama chini tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likibeba sauti zile zile, kama kitabu chenye maelfu ya kurasa zilizoandikwa maneno yale yale. Kila Msikizi alipowashwa, ukurasa mmoja uliungua. Wahandisi walioleta mashine walisema jiwe likipumzishwa, joto la ardhini litazipanga chembe upya. Subilaga Mwakatundu, mtaalamu wa miamba wa kwanza kuzaliwa kijijini hapo, ndiye aliyepewa kazi ya kukadiria ni wageni wangapi mwamba ungewabeba bila kuchoka. Alipima kwa vifaa alivyokuwa navyo, ambavyo viliona juujuu tu. Akaandika: mara nane kwa siku. Akatia sahihi.

Sasa, baada ya miaka tisa, kimewasili kifaa kinachoona hadi chini. Hakuna ukurasa hata mmoja uliowahi kurudi. Zimebaki mia mbili na kumi na mbili, na kwa mara nane kwa siku hazifiki mwezi.

Basi likasimama. Akavaa koti lake la kazi, akaenda kubonyeza kitufe. Mia mbili na kumi na moja.

*

Ambokile Mwaisaka, mwenyekiti wa ushirika wa wanakijiji unaosimamia mwamba, alikuwa kaka wa marehemu mama yake. Alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho bila kumkatiza, viganja vyake viwili vipana vikiwa juu ya meza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Mjomba."

"Lugano?"

"Mume wangu yuko juu kwenye kreta na watembea kwa miguu tangu jana. Sijamwambia."

Mwaisaka aliinuka akaenda dirishani. Subilaga naye akasimama. Siku hiyo hakuwa na uwezo wa kukaa. Kutoka pale waliona paa la zahanati, tangi la maji, na njia nyembamba ya zamani iliyoteremka kwenye migomba.

"Unaikumbuka njia ile?"

"Nilikuwa na miaka sita."

"Mimi nilishika mti wa mbele wa machela. Mvua inanyesha, tope hadi hapa. Mama yako aliniambia, 'Kaka, nishusheni kidogo nipumzike.' Tukamshusha. Hatukumnyanyua tena akiwa hai." Aligeuka. "Tangu mwamba huu ulipoanza kusema, hakuna mwanamke wa Isyukilo aliyefia njiani. Tuna mkunga, tuna taa. Sasa unataka nifunge mlango?"

"Sijasema ufunge. Nimesema jiwe linakwisha. Tukiendelea, mwezi mmoja hautapita kabla halijakwisha."

"Ile sauti ya kwanza waliyoinasa wahandisi, mnayo?"

Subilaga alielewa kabla hajamaliza, akatamani asingeelewa. "Ipo."

"Safi?"

"Safi kuliko jiwe lenyewe lilivyo sasa."

"Basi weka spika chini ya sakafu, Msikizi azimwe. Wageni wapate walichokifuata, jiwe lipone, kijiji kiishi. Si ndicho mnachofundishwa huko vyuoni? Utalii usiokula mbegu?"

"Mjomba, watu wanakuja kwa ajili ya jiwe. Wanajua wanachosikia kinatoka kwenye jiwe."

"Nionyeshe mmoja atakayeumia," alisema Mwaisaka, bila ukali. "Mmoja tu, mwanangu. Nionyeshe, nami nitaacha."

Subilaga alitafuta. Alitafuta kweli, akiwa amesimama pale na mikono mfukoni, na hakumpata.

*

Spika zilifungwa siku ambayo ukumbi hufungwa kwa usafi. Asubuhi iliyofuata aliingiza kundi la kwanza, akawaambia yale yale aliyoyasema kwa miaka tisa, akabonyeza kitufe kile kile ambacho sasa kilikuwa na waya mwingine nyuma yake. Miguu ikakimbia. Mbwa akabweka. "Lewa! Lewa!" Mzee mmoja wa kigeni alimshika mkono mke wake. Walipotoka, mama yule alimkumbatia Subilaga, akamwambia kwa Kiswahili cha kujifunza njiani, "Asante kwa kututunzia."

Alikwenda chooni akanawa uso mara mbili.

Alijiambia atazoea. Badala yake miguu ilimwasha. Kati ya kundi na kundi hakuweza kutulia ofisini. Alizunguka jengo, akahesabu nguzo za uzio, akarudi, akaanza tena. Nyumbani aliunguza uji mara tatu katika wiki moja. Lugano alipomuuliza, alisema ni baridi. Mume wake alikuwa mtu wa kutembea na wageni siku nzima bila kusema maneno mia, na hakuuliza tena, ila alianza kupika uji mwenyewe.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mizani ya kifaa kipya haikusogea: mia mbili na kumi na moja, kila asubuhi. Jiwe lilikuwa salama kuliko lilivyowahi kuwa tangu yeye aanze kulitunza. Mjomba wake alikutana naye njiani akamgonga begani. "Unaona?"

"Naona," alijibu.

*

Wiki ya tano wakaja ndugu wawili kutoka Mwanza. Dada aliitwa Nyamizi, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya kazi, seremala. Mdogo wake Masanja alikuwa amefuatana naye kumtafsiria, kwa kuwa Nyamizi alizaliwa kiziwi.

Sakafuni mwa ukumbi palikuwa na kidirisha kidogo kilichofika kwenye jiwe lenyewe. Subilaga ndiye aliyekiombea miaka ya mwanzo, kwa ajili ya viziwi, wapate kuweka viganja na kuhisi mtetemo moja kwa moja. Alipomwona Nyamizi akipiga magoti pale bila kuelekezwa, alimgeukia mdogo wake.

"Amewahi kuja?" alimuuliza Masanja.

"Miaka sita iliyopita. Anasema yule mama anayeita ndiye mtu wa kwanza kumsikia tangu azaliwe." Masanja alicheka kidogo, akaacha. "Amelazimisha tuje mwaka huu. Mashine za kukatia mbao zimemharibu mikono. Vidole vinakufa ganzi, kimoja kimoja. Daktari hajui vitafika wapi. Akasema, kabla havijaisha, nimhisi tena."

Watu kumi na wanne walikuwa wamesimama wakingoja. Subilaga angeweza kusema mashine imeharibika. Angeweza kusema lolote. Alibonyeza kitufe.

Sauti ikajaa ukumbini. Ukingo wa shaba walioushika wageni ukatetemeka, maana spika zilikuwa zimefungwa chini yake. Jiwe lilikuwa kimya. Nyamizi alikuwa ameweka viganja vyote viwili, kichwa kimeinama, na kwa dakika nzima hakusogea. Kisha akavibandua, akavisugua kwenye sketi yake, akavirudisha. Akajaribu upande wa nyuma wa mkono. Akalaza shavu. Wengine walipoanza kujifuta macho kwa ile sauti ndogo ya kuitikia, yeye aliinuka akamtazama mdogo wake na kumwonyesha vidole vyake kumi, kisha akavikunja polepole.



"Anasemaje?" Subilaga aliuliza, japo alishajua.

"Anasema vimekwisha. Anasema mdogo wangu, mikono yangu imekufa na sikujua."

*

Usiku ule Subilaga alijilaza, akashindwa, na kulipokucha hakungoja chai. Alimwambia Lugano yote kwa maneno machache akiwa anafunga viatu. Lugano alikaa na mwiko mkononi.

"Ukienda kwao, ushirika utajua," alisema.

"Najua."

"Mjomba wako hatakusamehe mapema."

"Alinitaka nimwonyeshe mmoja."

Lugano alifunika sufuria. "Basi nenda. Basi lao linaondoka saa mbili."

Aliwakuta kwenye nyumba ya wageni chini ya kijiji. Nyamizi alikuwa kibarazani na mfuko wa turubai wazi mapajani: patasi, randa ndogo, kipimo cha mbao. Alikuwa akivifuta kimoja kimoja kwa mafuta na kuvikunja kwenye kitambaa, kama mtu anayefunga vitu vya kuwagawia wengine. Masanja alisimama kando, macho mekundu.

"Anasema atampa mwanafunzi wake," alieleza. "Anasema seremala asiyehisi mbao ataua mtu."

"Mwambie asifunge," alisema Subilaga. "Mwambie mikono yake haijafa. Jana jiwe halikutetemeka. Kulikuwa na spika chini ya sakafu. Jiwe tumelizima siku thelathini na nne sasa, na mimi ndiye niliyelizima."

Masanja alimkazia macho kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. Kisha mikono yake ikaanza kusema, na Subilaga aliona maneno yakifika kwenye uso wa Nyamizi moja baada ya jingine.

Nyamizi aliweka patasi chini. Aliinuka, akamjia karibu sana, akaongea kwa mikono kwa nguvu, vidole vikipigana.

"Anauliza," alisema Masanja, "unajua jana alilalaje? Alilala na mikono yake kama mtu anayelala na maiti. Anauliza kama unajua."

"Sijui," alisema Subilaga. "Nisamehe."

"Anasema msamaha baadaye. Kwanza mpeleke kwenye jiwe."

*

Ukumbi ulikuwa mtupu. Subilaga aling'oa waya wa spika, akaurudishia ule wa zamani, akamsubiri Nyamizi apige magoti. Aliwaeleza wote wawili juu ya kurasa, na zimebaki ngapi. Nyamizi alisikiliza mikono ya mdogo wake hadi mwisho, akafikiri, akauliza swali moja.

"Anasema: ukiwasha kwa ajili yangu, hii moja haitarudi?"

"Haitarudi."

Nyamizi alitazama kidirisha kwa muda mrefu. Subilaga alidhani atakataa, na kwa kitambo alitumaini hivyo, jambo lililomtia aibu. Lakini yule mwanamke aliweka viganja vyake kwenye jiwe na kuitikia kwa kichwa: washa.

Msikizi akaamka na mvumo wake mwembamba. Sauti iliyopanda ilikuwa dhaifu, imechakaa, miguu kama mvua ya mbali. Mbwa hakusikika kabisa. Baada ya wiki tano za nakala iliyo safi, Subilaga alikuwa amesahau jinsi jiwe lilivyochoka. Alimtazama Nyamizi. Mabega yake yalikuwa yameinuka. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kikigonga jiwe, kidogo, kikifuata. Mwanamke wa majivu alipoita, Nyamizi alifungua kinywa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ile sauti ndogo ilipoitikia, kutoka kooni mwa Nyamizi ilitoka sauti isiyo na umbo, kubwa, na Masanja, ambaye hakuwahi kumsikia dada yake akitoa sauti mbele ya watu, alijifunika uso.

Wakati huo huo mlango ulifunguliwa. Mwaisaka alisimama pale, amepanda kilima mbiombio, mvi zake zimelowa umande. Nyuma yake kundi la saa mbili lilikuwa linavishwa makoti.

"Umewasha," alisema.

"Nimewasha. Mia mbili na kumi." Subilaga alimwonyesha Nyamizi, aliyekuwa bado ameinama juu ya kidirisha. "Mjomba, ulisema nikuonyeshe mmoja. Huyu jana aliizika mikono yake kwa sababu yetu. Anaitwa Nyamizi."

Mwaisaka alimtazama yule mwanamke. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na wale kumi na wanane nje utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Wakirudi makwao na huo ukweli, tumekwisha."

"Pengine," alisema Subilaga, akampita, akatoka nje kwenye baridi kuwaambia.

*

Habari ilisafiri mbali kuliko hata sauti za mwamba zilivyowahi kusafiri. Ndani ya wiki mbili mabasi yalipungua kutoka nane hadi moja, tena nusu tupu. Ushirika ulimvua Subilaga cheo cha usomaji wa mwamba, na hakupinga. Sahihi ya mara nane kwa siku ilikuwa yake, na kitufe kilikuwa chake. Mkunga wa pili aliondoka kwenda Mbeya. Sokoni kuna waliomgeuzia migongo. Kuna mama mmoja aliyemwuzia ndizi huku akisema wazi, "Mwanangu wa kike ana mimba ya miezi saba, Subilaga. Nakwambia tu ujue." Akajua. Kila siku alijua.

Mkutano wa kijiji ulikaa siku tatu uwanjani mwa shule. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Wapo waliotaka mwamba usomwe mpaka uishe, watu waje kwa wingi kuwahi za mwisho. Wapo waliotaka ufukiwe. Lugano, aliyekuwa hajawahi kusimama kwenye mkutano, alisimama siku ya pili na kusema kwamba wale anaowapeleka kreta hawajapungua hata mmoja, na hawaji kwa ajili ya kusikia. Wanakuja kuona jinsi mlima ulivyopasuka, chemchemi za moto, nyayo, nyuki wanaokaa kwenye pango la lava. Wanakaa siku nne badala ya saa mbili. Wanalala kwenye nyumba zetu na kula chakula chetu, alisema, akakaa.

Siku ya tatu waliamua. Mwamba utasomwa mara moja kwa mwaka, na watakaosikiliza watachaguliwa kwa bahati nasibu, nusu wa kijiji, nusu wageni, na kidirisha daima kiwe na kiziwi mmoja. Siku nyingine zote nakala ichezwe ukumbini, na kila mgeni aambiwe ni nakala kabla hajavuka mlango. Mwaisaka aliinua mkono wa kukubali mwishoni kabisa, akiwa mtu wa mwisho uwanjani. Hakumtazama mpwa wake. Lakini jioni ile alimtuma mtu nyumbani kwake na ujumbe: ushirika unahitaji mtu wa kusimama mlangoni na kuwaambia wageni, na hakuna mwingine anayejua kuueleza mwamba. Cheo hakirudi. Kazi ipo.

Siku ya kwanza walikuja watu saba. Subilaga alisimama mbele ya mlango na mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Karibuni Isyukilo. Mtakachosikia humu ndani ni nakala. Sauti yenyewe imo kwenye jiwe, na tumeiacha ipumzike, kwa sababu kila inaposikilizwa inakufa kidogo. Zamani tuliwaficha wageni jambo hili. Mimi niliwaficha. Anayetaka kurudi, basi lipo."

Wawili walirudi, mume na mke, mume akinung'unika kuhusu umbali. Watano wakabaki, wakitazamana. Kijana wa kike mwenye mkoba mgongoni akauliza, "Na hilo jiwe lenyewe liko wapi?"

"Chini ya mbao za ukumbi. Mtakuwa mmesimama juu yake."

Alifungua mlango akawatangulia, akaenda kwenye kitufe. Alipogeuka kuwahesabu, hawakuwa nyuma yake. Walikuwa bado kizingitini, wote watano, wameinama, wanafungua kamba za viatu.

Hakuna aliyewaambia.

Aliwangoja mpaka wa mwisho alipoingia na soksi zake, ndipo akabonyeza.